Makaratasi ya Makhan Singh na daftari la mfanyakazi
Hotuba kwa makatibu wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, Mombasa

Ndugu mwenyekiti, makatibu wa matawi, wazee wetu mliostaafu bandarini na kwenye reli, kina mama mnaowasimamia wenzenu hotelini na viwandani, vijana wa shifti ya usiku mliokuja moja kwa moja kutoka kazini: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Niliombwa nizungumze juu ya historia ya vyama vya wafanyakazi Kenya. Historia hiyo ni pana na saa zenu ni za thamani, kwa hiyo nimechagua mtu mmoja na makaratasi yake. Mtu huyo ni Makhan Singh. Makaratasi yake yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mtafiti yeyote anayetaka kuandika juu ya migomo, mishahara au siasa za wapenda maendeleo katika nchi hii kabla ya uhuru lazima apitie hapo. Nimefanya kazi ya kutunza nyaraka kwa muda mrefu, na ninachoamini nitawaambia mapema: chama kinachotunza karatasi zake chenyewe hakiwezi kusimuliwa na mwajiri na polisi peke yao. Wahenga walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mgomo nao ni mali. Umegharimu njaa za watu.

Jina la Makhan Singh hutajwa Mei Mosi, tena haraka haraka, katikati ya majina mengine. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Kenya mwaka 1927 akiwa mvulana, kumfuata baba yake, Sudh Singh, aliyekuwa seremala wa reli na baadaye akawa na kiwanda cha uchapaji Nairobi. Kijana alipomaliza shule aliingia kazini kwenye kiwanda hicho. Alitunga pia mashairi kwa Kipunjabi. Nautaja uchapaji kwa makusudi. Mchapaji anajua thamani ya nakala. Hatoi kikaratasi kikaenda mtaani bila kubakisha kimoja ndani, kwa sababu kesho mteja atarudi kuuliza kilichapwa nini na lini. Nadhani tabia ile ya kiwandani ndiyo iliyokuja kutuokolea historia yetu.

Mwaka 1935 akawa katibu wa chama kilichoitwa Labour Trade Union of Kenya. Kabla ya hapo kilikuwa chama cha Wahindi. Yeye na wenzake walikifungulia mlango mfanyakazi wa kila rangi na kila dini, jambo ambalo serikali ya kikoloni haikulipenda hata kidogo, maana mshahara wenyewe ulikuwa umepangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mwaka 1937 chama kikapanua jina na kuwa Labour Trade Union of East Africa. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo mafundi wa Nairobi wakagoma. Waligoma siku 62. Walipomaliza, mishahara ilipanda kati ya asilimia 15 na 25.

Siku 62, ndugu zangu. Nyinyi mnajua siku ya kumi ya mgomo inavyokuwa nyumbani. Mwenye duka ameacha kukopesha, karo ya mtoto haijalipwa, na jirani ambaye hakugoma anakupita asubuhi na chakula chake mkononi. Siku ya 40 inakuwaje? Mgomo wa namna ile hausimami kwa hotuba. Unasimama kwa michango, kwa mikutano ya kila siku, kwa daftari linaloonyesha nani amepewa nini ili wenzake wasimshuku. Kazi yote hiyo huacha karatasi, na palipo na mtu wa kuiweka, anayekuja baadaye anaweza kuona mgomo ulivyoendeshwa kwa ndani. Jalada la polisi halikuonyeshi hayo. Linakuonyesha nani alikuwa mchochezi.

Sasa tuje hapa kwetu. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, idara moja baada ya nyingine, mpaka moto ukafika bandarini. Serikali ikaunda tume ya kuchunguza hali ya kazi na nyumba za mji huu. Baadaye Makhan Singh alikwenda India, na huko Waingereza wakamtia ndani, kisha wakamwekea mipaka, mpaka mwaka 1945. Alirudi Kenya Agosti 1947. Hivyo mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947 ulipita yeye hayupo.

Mgomo huo baadhi yenu mmesimuliwa na babu zenu. Ulianza tarehe 13 Januari. Makuli, watu wa reli, wafanyakazi wa hoteli, vibarua, maboi wa majumbani, wote walilala kazi, na mji ukasimama kwa karibu wiki mbili. Walikutana kwenye uwanja walioubatiza Kiwanja cha Maskini. Pale ndipo lilipozaliwa shirikisho lililokuja kuitwa African Workers' Federation, na kiongozi wake aliyejulikana sana akawa Chege Kibachia. Serikali iliteua baraza la kuamua madai ya mishahara, chini ya Jaji Ransley Thacker. Kibachia mwenyewe alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huohuo, alipokuwa akijaribu kuufikisha umoja ule Nairobi, akahamishiwa Baringo, akakaa huko miaka mingi.

Naomba tusimame hapa kidogo. Makhan Singh ana makaratasi yake Nairobi. Kibachia je? Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu yake imetoka kwa watu waliomfukuza na kumfungia: taarifa za maofisa wa kazi, ripoti za wakuu wa wilaya, maelezo ya wapelelezi waliokaa Kiwanja cha Maskini wakiandika nani kasema nini. Wapelelezi wale walikuwa hodari wa kuandika, nawakubalia. Lakini waliandika walichotumwa kukitafuta. Walitafuta fitina, wakaandika fitina. Mwanamke aliyepika uji wa watu mia haonekani kwenye ripoti ile. Mzee aliyesuluhisha ugomvi baina ya watu wa pwani na watu wa bara ili mgomo usivunjike, naye haonekani. Kuna siku huwa najiuliza tungeufahamu vipi mji huu kama shirikisho lile lingeacha hata daftari moja la mahudhurio.

Turudi kwa Makhan Singh. Tarehe 1 Mei 1949 vyama vikaungana kuunda umoja wao, East African Trade Union Congress. Rais wake alikuwa Fred Kubai, katibu mkuu Makhan Singh. Serikali ilikataa kuusajili. Mwezi wa Machi 1950 Nairobi ikapewa hadhi ya jiji kwa sherehe kubwa, na umoja huo ukawataka wafanyakazi wasusie, kwa hoja kwamba jiji lililojengwa kwa jasho lao halikuwa na nyumba zao. Tarehe 23 Aprili, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh akasimama na kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wakati ule hata wanasiasa wengi walikuwa bado wanaomba viti viwili vitatu zaidi kwenye baraza la kutunga sheria. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wakakamatwa. Kesho yake Nairobi iligoma, na mgomo ukasambaa nje ya mji, ukadumu zaidi ya wiki. Wafanyakazi walidai viongozi wao waachiwe, na walidai kima cha chini cha mshahara wa shilingi 100 kwa mwezi.

Makhan Singh alipelekwa mbele ya jaji, Nyeri. Jaji huyo alikuwa nani? Thacker. Yule yule aliyeketi kuamua mishahara ya Mombasa. Na miaka miwili mitatu baadaye ni huyohuyo aliyemhukumu Jomo Kenyatta na wenzake Kapenguria. Jaji mmoja, kesi tatu: ya mshahara, ya mwanachama wa chama cha wafanyakazi, ya uhuru. Mtu akiniambia kwamba mambo ya mishahara na mambo ya siasa ni vitu viwili mbalimbali, humtajia jina la Thacker. Serikali ya kikoloni ilijua wazi kwamba ni kitu kimoja, ndiyo maana ilimtumia mtu mmoja.

Mahakamani Makhan Singh hakuficha kwamba yeye ni mkomunisti. Aliwekwa kizuizini: Lokitaung kule Turkana, halafu Maralal, halafu Dol Dol. Aliachiwa tarehe 22 Oktoba 1961. Hiyo ni miaka 11 na miezi 5, na katika viongozi wa Kenya ni wachache mno waliozuiwa muda mrefu kama huo. Aliposhikwa, Dharura ya Mau Mau ilikuwa haijatangazwa. Alipotoka, ilikuwa imekwisha.

Katika miaka yote hiyo aliandika barua. Aliandika kwa maofisa kudai haki zake, na aliandika kwa familia. Mzuiwa ambaye hana ukumbi, hana gazeti wala wanachama, alibaki na kalamu. Mzuiwa anapodai kitu kwa maandishi, ofisa analazimika ama kumjibu ama kuonekana hakumjibu, na vyote viwili ni ushahidi. Hili ningependa makatibu mlitie akilini. Dai la mdomo kwa meneja linapotea saa ileile mnapoachana kwenye korido. Dai la barua, lenye tarehe na sahihi ya aliyepokea, linaishi kuliko meneja.

Baada ya uhuru hakupewa cheo. Wapo waliotarajia atapewa wizara, au angalau ofisi katika mambo ya kazi ambayo aliyajua kuliko mtu yeyote. Haikuwa hivyo, na vyama vyenyewe viligawanyika, vikagombana, mpaka mwaka 1965 serikali ikayavunja mashirikisho makuu mawili na kuunda COTU, shirikisho moja la vyama vyote. Yeye alikwenda kukaa na makaratasi yake, akaandika. Mwaka 1969 kitabu chake juu ya vyama vya wafanyakazi Kenya mpaka mwaka 1952 kilichapishwa Nairobi. Alifariki mwezi wa Mei 1973, na sehemu ya pili ilitoka yeye hayupo tena duniani.

Kitabu kile kina sura ya mwandishi wake. Kila hatua amekuwekea waraka: azimio lilisemaje, kikaratasi kiliandikwa nini, barua ya serikali ilijibu vipi, mshahara ulikuwa kiasi gani kabla na baada. Wapo wasomi wanaosema kinachosha. Mimi nasema ndivyo inavyotakiwa mtu aandike akijua kwamba watakuja wa kumkanusha. Hakutaka uamini neno lake. Alitaka uende ukaangalie mwenyewe, na kwa kuwa makaratasi yapo chuo kikuu, unaweza kwenda.

Dosari zipo pia, na ni haki kuzitaja. Anayetunza karatasi hujikuta katikati ya hadithi, hata kama hakukusudia. Nairobi inaonekana sana, Mombasa na Kisumu kidogo. Mafundi wanaonekana, vibarua wa mashamba ya chai na mkonge hawaonekani vile. Wanawake ni wachache mno. Lakini dosari hizi haziponi kwa kumlaumu Makhan Singh. Zinapona kwa wengine kutunza za kwao. Wenzetu wa Dar es Salaam wana mfano mzuri: nyaraka za ukoo wa Sykes, tangu Kleist Sykes, mmoja wa waasisi wa African Association mwaka 1929, hadi mwanawe Abdulwahid, aliyekuwa katika uongozi wa chama cha makuli wa Dar. Zilitunzwa nyumbani, na mwanahistoria Mohamed Said alipozitumia, historia ya TANU ikasomeka kwa namna nyingine.

Kuna anayeweza kuuliza kwa nini tusitegemee nyaraka za serikali tu. Hifadhi ya Taifa ipo, Moi Avenue Nairobi, na ina hazina kubwa; nendeni, ni yenu. Lakini kumbukeni kilichofanyika kabla ya uhuru. Maofisa wa kikoloni walichambua majalada. Mengine waliyachoma. Mengine waliyapakia na kuyapeleka Uingereza, yakafichwa mahali panapoitwa Hanslope Park, na kwa miaka mingi serikali ya Uingereza ilikuwa haikubali kwamba yapo. Yalijulikana mwaka 2011, kwa sababu wazee wetu walioteswa wakati wa Dharura walikuwa wamefungua kesi London, na wanahistoria waliosimama upande wao waliendelea kusisitiza kwamba karatasi zingine lazima ziwepo. Yalikuwa majalada kama 1,500 ya Kenya, katika masanduku 300. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228.

Wazee wale walishinda kwa sababu ya ujasiri wao wenyewe kwanza. Lakini karatasi ziliingia mahakamani pamoja nao. Na zilikuwa karatasi za mtesaji! Alizificha miaka hamsini kwa sababu alijua uzito wake. Kama yeye aliona zinafaa kufichwa, sisi tunawezaje kuona za kwetu zinafaa kufungia maandazi?

Samahani kwa kupaza sauti. Jambo hili linaniuma. Nimeingia ofisi za vyama nikakuta mihtasari ya miaka ishirini iko chini ya sinki. Nimeonyeshwa chumba ambacho uongozi mpya ulipochaguliwa ulitupa kila kitu cha uongozi wa zamani, kwa hasira za uchaguzi. Hasira za uchaguzi huisha mwaka mmoja. Muhtasari uliotupwa haurudi, na siku mwajiri atakapodai kwamba posho ya nyumba haikuwahi kukubaliwa, atakuwa na nakala yake ya mkataba na nyinyi hamtakuwa na yenu.

Basi ninayowaomba ni haya. Kila tawi liwe na daftari moja la muhtasari, lenye jalada gumu, na kila mkutano uandikwe siku hiyohiyo: tarehe, mahali, majina kamili ya waliokuwepo. Kamili, tafadhali. “Ali wa geti namba tano” leo mnamjua nyote, baada ya miaka thelathini hatajulikana na mtu. Kila mkataba wa pamoja na mwajiri uwe na nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Hapa pwani adui wetu ni unyevu, chumvi na mchwa, kwa hiyo msiweke chochote sakafuni, toeni pini na klipu za chuma maana zinapata kutu na kula karatasi, msibandike selotepu, na msikimbilie kupiga lamineti, kwa sababu joto na plastiki vikishashikana na karatasi hakuna fundi atakayevitenganisha.

Siku hizi pia mgomo unapangwa kwenye WhatsApp. Ujumbe ule ndio vikaratasi vya leo. Simu ikiibiwa kwenye matatu, mgomo wote umekwenda. Mteueni kijana mmoja ahamishe mazungumzo muhimu kila mwezi na kuyaweka mahali pa pili. Halafu kuweni waangalifu. Orodha ya wanachama, barua za ugonjwa, kesi za nidhamu, hivyo vikianguka mikono mibaya vinaweza kumfukuzisha mtu kazi. Hifadhi yoyote yenye adabu itakubali mziandikie masharti: sanduku hili lisifunguliwe mpaka mwaka fulani. Mnapokabidhi, andikianeni mkataba wa kukabidhi, na msharutishe kwamba mfanyakazi wa kawaida aruhusiwe kusoma bila kulipa. Wengine watawashauri mweke karatasi asilia ofisini kwenu kwa ajili ya fahari. Mimi sikubaliani nao. Asilia ziende penye mlinzi, rafu na mlango usioshika moto. Ofisini baki na nakala. Makaratasi ya Makhan Singh yalikabidhiwa, ndiyo maana leo tunamsoma.

Na wazee wahojiwe mapema, kwa Kiswahili chao, kwa Kimijikenda chao, kwa Kidholuo au Kikamba, vyovyote walivyozoea kusema. Msiwaulize “mgomo ulikuwaje”, watawapa hotuba. Waulizeni mlikula nini. Nani alishika pesa. Mlijuaje kwamba mgomo umekwisha. Nawaomba zaidi habari za vibarua wa kutwa na za kina mama, kwa sababu hao wawili ndio walioachwa nje ya makaratasi ya kila mtu, ya serikali na ya Makhan Singh pia.

Mkutano ukifungwa nitakaa kwenye meza ile ya mlangoni pamoja na vijana wawili wenye skana. Kama mmekuja na kadi ya chama ya marehemu baba, risiti ya mchango, barua ya kufutwa kazi, picha ya pikiniki ya tawi, tutaipiga nakala na kuwarudishia papo hapo. Picha ambazo hamjui waliomo msiziache nyumbani. Zileteni kwa wazee waliokaa safu ya mbele, muandike majina nyuma kwa penseli, na pale wanapobishana andikeni majina yote mawili.

Ahsanteni sana.